Mchanga Unaoelea Ndani ya Ini

Mchinjaji aliyezoea mbuzi na kondoo wa wafugaji hashtuki akipasua tumbo na kukuta ini lina vifuko vya maji. Kimoja kidogo kama korosho, kingine kikubwa kama chungwa. Ukikitumbua, maji hutoka maangavu kama ya dafu, na nyuma yake hubaki utando mweupe, laini, unaoteleza vidoleni. Mtu wa Tanga angeufananisha na nyama ya dafu ambalo bado changa. Ini la namna hiyo halina mnunuzi. Hukatwa, hurushwa pembeni, na mbwa aliyeshinda hapo tangu alfajiri hulidaka kabla halijagusa vumbi.

Mrusho huo mmoja ndio unaouweka hai ugonjwa wa hidatidi.

Ndani ya maji yale mna vichwa vya tegu, vidogo mno kuonekana kwa macho, maelfu kwa maelfu. Vikifika utumbo wa mbwa, kila kimoja kinaweza kukua kuwa tegu kamili, aitwaye kitaalamu Echinococcus granulosus, mwenye urefu wa milimita 2 hadi 7 tu. Mbwa mwenyewe haumwi. Baada ya wiki sita au saba mayai ya tegu huanza kutoka na kinyesi chake, yakaganda kwenye manyoya, yakaangukia majani na maji ya lambo. Kondoo akila, kifuko kipya kinaota kwenye ini lake na safari inaanza tena. Binadamu hakualikwa katika shughuli hii. Huingia kwa kuteleza tu: mkono uliomshika mbwa ukashika tonge, au maji yaliyotekwa mahali mbwa alipokunywa. Kifuko kikiota kwake, huota mara nyingi kwenye ini lile lile, takriban wagonjwa saba katika kila kumi. Kwa wengi wa waliobaki huota mapafuni, na kwa wachache kwenye figo, bandama au kwingineko. Mtu hamwambukizi mtu.

Kondoo hufunguliwa kwa kisu, na jibu likapatikana pale pale. Mtu je?

Swali hilo lina uzito wake Handeni na Korogwe, mkoani Tanga. Handeni ni nchi ya Wazigua, lakini Wamaasai wa Parakuyo, ambao wenyeji wamezoea kuwaita Wakwavi, wamechunga humo tangu karne ya 19. Juni 2022 ziliongezeka familia za wafugaji kutoka Hifadhi ya Ngorongoro, zilizohamishiwa kijiji cha Msomera, wilayani Handeni. Serikali ilisema kuhama ni kwa hiari. Mashirika ya haki za binadamu na baadhi ya Wamaasai wenyewe wakapinga maelezo hayo, na mjadala wake bado una moto. Makala hii haiingii humo. Inaangalia jambo dogo ambalo halikupewa nafasi katika mjadala: watu hawa wametoka mahali ambapo madaktari na madaktari wa mifugo wanaijua hidatidi kwa jina na kwa sura.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walipokagua mifugo iliyochinjwa wilayani Ngorongoro na kuchapisha matokeo mwaka 2009, walikuta vifuko katika karibu nusu ya ng'ombe na zaidi ya nusu ya kondoo. Kumbukumbu za hospitali za wilaya hiyo kati ya mwaka 1990 na 2003 zikaonyesha zaidi ya watu 150 waliopasuliwa kwa sababu ya ugonjwa huu. Kifuko cha hidatidi hukua polepole, pengine sentimita moja kwa mwaka, pengine zaidi, pengine kikasimama kabisa. Mtu anaweza kukaa nacho miaka kumi bila kuumwa popote. Basi aliyekipata utotoni akichunga wana-kondoo Endulen, huko Ngorongoro, anaweza kukigundua akiwa mtu mzima Handeni, mbele ya mganga ambaye pengine hajawahi kukiona.

Dalili nazo hazisaidii. Uzito chini ya mbavu za kulia, tumbo kujaa, kichefuchefu cha hapa na pale. Mganga aliyechoka ataandika vidonda vya tumbo na kutoa dawa ya asidi. Tumbo likizidi kuvimba, mwanamke atapongezwa kwa mimba asiyokuwa nayo.

Mahali ambapo watu walijifunza kuuona ugonjwa huu bila kisu ni Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Katika miaka ya 1970 na 1980 kona hiyo ilikuwa na kiwango kikubwa kuliko kwingine kokote kulikowahi kuripotiwa duniani: hadi wagonjwa 220 wa upasuaji kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Watu walikuwa wakifika na matumbo yaliyobeba lita kadhaa za maji. Wanawake waliugua zaidi kuliko wanaume, na watafiti walilihusisha hilo na mbwa wa nyumbani, ambao katika boma la Mturkana walikuwa karibu mno na mama na mtoto. Mbwa ndiye aliyelamba uchafu wa mtoto mahali ambapo maji ya kuoshea hayapo.

Shirika la AMREF lilianzisha mpango wa kuudhibiti ugonjwa huo Turkana mwaka 1983, na miongoni mwa vifaa vyake ilikuwamo mashine ya ultrasaundi ya kubebeka. Leo mashine ya namna hiyo inaweza kuchomekwa kwenye simu. Wakati ule ilikuwa mzigo wa kubebwa kwa gari au ndege ndogo, na jenereta juu yake, ikatandikwa chini ya mti huku foleni ikijipanga kivulini. Calum Macpherson, Thomas Romig, Eberhard Zeyhle na wenzao wakailinganisha na kipimo cha damu, na mwaka 1987 wakatangaza katika jarida la Lancet kwamba mashine ilikishinda kipimo cha damu katika kuwasaka wagonjwa. Sababu yake si ngumu. Kifuko kizima kimejifungia ndani ya ukuta wake; mwili unaweza usijue kuna mgeni, na damu isiseme chochote. Picha haihitaji damu iseme.

Wakasonga mbele. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989, ambao Anne Spoerry, daktari wa ndege maarufu wa AMREF, alikuwa miongoni mwa waandishi wake, ulieleza matumbo ya watu zaidi ya 18,000 yaliyopimwa kwa ultrasaundi katika jamii za wafugaji za Afrika Mashariki, Wamaasai wa Tanzania wakiwamo. Hapo kabla, mwaka 1986, kundi la Turkana lilikuwa limeripoti jambo lililowashangaza wengi: waliporudi kuwapima tena watu ambao hawakutibiwa, baadhi ya vifuko vilikuwa vimekua, vingine vimebaki vile vile, na vingine vimekufa vyenyewe.

Habari hiyo ilibadilisha swali. Kama kifuko kinaweza kufa chenyewe, kujua kwamba kipo hakutoshi. Inabidi kujua kipo katika umri gani.

Hapo ndipo uainishaji unapoingia. Wa kwanza kusifika ulikuwa wa Hassen Gharbi, mtaalamu wa radiolojia wa Tunisia, nchi ambayo hidatidi ni adui wa siku nyingi. Mwaka 1981 yeye na wenzake walichapisha picha za wagonjwa 121 wa ini wakazigawa katika aina tano. Uainishaji huo ulitawala duniani miaka ishirini na zaidi, na hadi leo kuna daktari anayesema "Gharbi ya pili" bila kufikiri. Kasoro yake, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni kwamba Gharbi alipanga sura, hakupanga maisha. Kifuko ambacho utando wake umebambuka na kuanza kunyauka alikipa namba mbili, na kile kilichojaa vifuko watoto, chenye nguvu zote, akakipa namba tatu. Msomaji wa orodha angedhani cha pili ni kichanga kuliko cha tatu.

Kikundi cha wataalamu kilicho chini ya Shirika la Afya Duniani kilizipanga upya namba hizo, na mpangilio wake ukachapishwa mwaka 2003. Herufi ni CE, namba zinakwenda moja hadi tano, na zinafuata maisha ya kifuko: kilicho hai, kilicho njiani, kilichokufa. Picha zenyewe mtu wa Handeni na Korogwe anaweza kuzielewa haraka, kwa sababu karibu zote anazo nyumbani.

CE1 ni mfuko wa maji tupu. Kwenye skrini maji ni meusi, na ukuta wake una mistari miwili sambamba kama reli inayopita Korogwe kwenda Moshi. Mistari hiyo ni ya thamani, kwa kuwa kifuko cha kawaida cha ini, ambacho watu wengi wanacho na hakiwadhuru, hakina. Kisha kuna jambo la kuvutia kuliko yote. Mpimaji humwambia mgonjwa ageuke kutoka mgongo kwenda ubavu wa kushoto huku kichwa cha mashine kimebaki pale pale kwenye jeli ya baridi. Ghafla ndani ya weusi hutimka vipunje vyeupe, vinapanda, vinazunguka, halafu vinashuka taratibu mpaka vitulie upande wa chini, mithili ya mchanga ndani ya chupa ya maji ya mto iliyotikiswa. Wataalamu wanauita hivyo hivyo, mchanga wa hidatidi. Ni vichwa vya tegu. Mbwa akivipata, vinaota.

CE2 ni sega la asali. Handeni inarina asali, kwa hiyo hapo hapahitaji maelezo marefu: vyumba vidogo vilivyobanana, kila chumba ni kifuko mtoto ndani ya kifuko mama. Kipo hai.

Halafu kuna CE3, yenye nyuso mbili, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Katika CE3a utando wa ndani umebambuka na kuelea majini kama yungiyungi, au kama shuka iliyoanguka kwenye pipa. Kifuko kimeanza kuchoka. Katika CE3b sehemu kubwa imeshakuwa nyama nzito, lakini humo ndani bado wamejificha vifuko watoto wachache wenye maji. Mwanzoni zote mbili ziliitwa CE3 tu. Baadaye ilionekana kwamba "b" ina tabia za kifuko hai: dawa huiweza kwa shida, na ikitulia hurudi. Mapendekezo ya wataalamu yaliyochapishwa mwaka 2010 yakazitenganisha katika matibabu, na tangu hapo herufi moja ndogo inaweza kumpeleka mgonjwa kwenye kidonge au kwenye meza ya upasuaji.

CE4 haina maji tena. Ni donge lenye nyuzi zilizoviringana; vitabu vinalifananisha na mpira wa sufu, lakini Korogwe lingeitwa furushi la katani lililotoka kwenye mashine bila kuchanwa. CE5 ni gumu, limevaa chokaa kama ganda la yai, na mawimbi ya sauti yakigonga hapo hayapiti. Nyuma yake hubaki kivuli cheusi. Nje ya namba hizi kuna kundi la CL: kifuko cha maji kisicho na ukuta unaoonekana, ambacho hakijajulikana ni cha nani. Hicho hakipewi dawa ya hidatidi mpaka kithibitike.

Wako wanaodhani mashine ndiyo inayosema ugonjwa. Mashine inatoa weusi na weupe tu. Anayesema ni mtu aliyekaa mbele yake, na asipokuwa na majina ya kuvitaja anavyoviona ataandika "uvimbe kwenye ini" na kumrudisha mgonjwa kwa daktari na karatasi isiyo na maana kubwa.

Maana ya majina iko kwenye matibabu. CE1 au CE3a yenye kipenyo kisichofika sentimita 5 mara nyingi humalizwa kwa albendazole peke yake. Mtu wa Tanga anaijua albendazole: iligawiwa pamoja na ivermectin katika kampeni za matende na mabusha, na watoto huitafuna shuleni kwa ajili ya minyoo. Lakini ile ni dozi moja kwa mara moja. Kwa hidatidi mtu mzima kwa kawaida hunywa miligramu 400 asubuhi na 400 jioni, kila siku, kwa miezi mitatu hadi sita, huku damu ikichunguzwa kwa sababu dawa inaweza kulichosha ini lile lile inalolitibu. Mwenye mimba changa hapewi kiholela. Kununua vidonge viwili duka la dawa na kungoja kifuko kiyeyuke ni kupoteza pesa.

Kikiwa kikubwa zaidi, kuna njia iliyoanzia Tunisia mwaka 1986 na baadaye ikatumika hata Turkana: sindano inaongozwa na ultrasaundi hadi ndani ya kifuko, maji yananyonywa, dawa ya kuua vichwa vya tegu inaingizwa, inaachwa kidogo, kisha nayo inanyonywa. Mgonjwa huwa ameanza albendazole kabla, na vifaa vya kumwokoa huwa mezani, maana maji hayo yakivuja tumboni yanaweza kuleta mzio mkali wa kuua kwa dakika chache, au kupanda vifuko vipya tumbo zima. Ndiyo sababu sindano ya kubahatisha, ya mtu aliyedhani anatoboa jipu la amiba, inaogopwa na kila anayeujua ugonjwa huu.

Njia hiyo haifai kwa CE2 wala CE3b. Sega lina vyumba vingi. Ukitoboa kimoja vingine vimebaki na asali yake. Wagonjwa wa aina hizo kwa kawaida hupelekwa kwa mpasuaji. Na CE4 na CE5 zisizoleta matatizo? Huachwa. Mgonjwa hapewi dawa, hapasuliwi, anaambiwa arudi kupimwa. Kwa mtu aliyesafiri na nauli ya kuazima, kuambiwa "una uvimbe, lakini hatufanyi kitu" kunafanana na kufukuzwa, na daktari asipokaa kumweleza, ataondoka kutafuta mwingine wa kumpasua. Upasuaji wa kuondoa kitu kilichokwisha kufa ni hasara ya damu, ya pesa, na wakati mwingine ya maisha.

Ultrasaundi si ngeni kabisa katika wilaya hizi. Korogwe, mji wa katani, reli na Mto Pangani, una sifa ya utafiti. Ulikuwa miongoni mwa vituo 11 barani Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S. Kati ya mwaka 2008 na 2010, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wenzao wa Denmark waliitumia ultrasaundi kwa wajawazito wilayani Korogwe, kupata umri sahihi wa mimba na kufuatilia malaria inavyomdhoofisha mtoto tumboni. Hadi leo mteja mkubwa wa mashine hiyo ni mjamzito. Kichwa cha mashine kinapita chini ya kitovu, moyo wa mtoto unaonekana ukidunda, urefu wa paja unapimwa, jeli inafutwa, mwingine anaingia.

Kutoka hapo mpaka chini ya mbavu za kulia ni kama sentimita ishirini. Kuupandisha mkono kunachukua dakika mbili tatu, na hakuongezi gharama ya jeli. Kwa mwanamke aliyekulia bomani, ambaye pengine hatalala tena kwenye kitanda hicho mpaka mimba nyingine, dakika hizo zinaweza kuwa nafasi ya pekee ya ini lake kutazamwa. Si lazima kila mjamzito wa Tanga apimwe ini. Hilo litakuwa kuchosha mashine na watu. Swali moja la mpimaji, "Mama, mlikuwa na mbwa na kondoo nyumbani?", linatosha kuamua mkono upandishwe kwa nani. Mapafu, hata hivyo, ultrasaundi haiyafikii vizuri, kwa kuwa hewa hulizuia wimbi. Hayo yanataka eksirei ya kifua.

Upande wa mbwa nao una kazi yake, na ni nafuu kuliko hospitali: viungo vyenye vifuko vichomwe au vizikwe kwa kina ambacho mbwa hafukui, au vichemshwe sawasawa kabla ya kutupwa, na mbwa wanyweshwe dawa ya prazikwanteli mara kwa mara, kila wiki sita kama inawezekana, kabla tegu hawajaanza kutaga. Mfugaji hamfugi mbwa kwa anasa. Anamfuga kwa sababu ya fisi, na kumwambia amwache ni kumwambia auache na mlango wazi.

Linalobaki gumu ni kurudi. Kifuko hupimwa tena baada ya miezi sita, kisha mwaka, na aliye kwenye kundi la kuangaliwa tu hufuatiliwa kwa miaka. Mfugaji hana miezi sita ya kukaa mahali pamoja. Masika yuko Handeni. Kiangazi kikikaza, yeye na ng'ombe wameshafika Kilindi au wameshuka kuelekea Bagamoyo, na anayempima mara ya pili si yule wa mara ya kwanza. Kitu pekee kinachosafiri naye ni daftari la kliniki, lililokunjwa ndani ya shuka. Likiwa limeandikwa "uvimbe wa maji kwenye ini", mpimaji wa pili anaanza upya, hajui kama kimekua au kimepungua. Likiwa limeandikwa "ini, tundu la kulia, CE3a, sm 6, albendazole imeanza Machi", anapaka jeli, anatafuta lile yungiyungi, na kuanza kupima.